Trela la kulala kwenye joto: anza na kivuli

Kazi yangu ni kuchomelea. Matrela madogo ya mizigo, yale ya mita 2.4 kwa 1.2 yanayobeba mchanga na matofali, nayageuza kuwa chumba cha kulala cha watu wawili. La kwanza nililojijengea mwenyewe nililala ndani yake usiku mmoja tu. Nilikuwa nimefuata michoro ya watu wa nchi za baridi: sanduku la plaiwudi, povu gumu la sentimita 5 pande zote, dirisha dogo kila ubavu, mlango unaofunga kama wa friji. Kazi ilikuwa safi, kila kiungo kimezibwa. Saa tisa usiku nikatoka na shuka langu nikaenda kulala juu ya boneti ya gari.

Ufundi haukuwa na kosa. Nilichokosea ni kudhani povu linaleta ubaridi. Povu linachelewesha joto kupita, basi, wala halijali joto linatoka nje au ndani. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80, yaani karibu sawa na balbu moja ya zamani. Wawili ni wati 150. Sanduku la ukubwa ule lina takriban mita 14 za mraba ukijumlisha kuta, paa na sakafu, na kwa povu la sentimita 5 hesabu ya karatasini inasema watu wawili wakijifungia bila hewa wanaweza kupandisha joto la ndani hata nyuzi 15 au 20 juu ya lile la nje. Haifiki huko kwa kweli, maana hewa hupenya mahali fulani na sehemu ya joto la mwili hutoka kama jasho. Lakini njia inaelekea huko. Penye baridi hiyo ni neema. Penye joto umejijengea tanuri, na kuni ni wewe mwenyewe.

Tangu siku ile trela la joto nalichukulia kama mwavuli wenye kitanda chini yake. Mchana lizuie jua, usiku liachie joto liende zake. Kila uamuzi mwingine unatoka hapo.

Paa ndilo linalokula nusu ya muda wangu, na sioni haya. Jua la utosini hushusha karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba. Paa la trela hili ni karibu mita 2.9 za mraba, kwa hiyo ni kama umeacha pasi tatu za umeme zikiwaka juu ya kichwa chako. Rangi nyeusi hunyonya tisa ya kumi ya joto hilo. Nyeupe safi hunyonya kama robo. Hapa wateja wengi hubishana nami: si bora bati linalong'aa lenyewe, au alumini isiyopakwa rangi, kwa kuwa inarudisha mwanga? Inarudisha kweli, ila ile kidogo inayonyonya inashindwa kuitoa, kwa sababu chuma kinachong'aa hakimwagi joto lake hewani kama rangi inavyomwaga. Uliza yeyote aliyewahi kugusa kishikizo cha mkanda wa gari lililoshinda juani. Mimi napaka nyeupe, tena kila mwaka naiosha, maana paa jeupe lililojaa vumbi si jeupe tena.

Juu ya paa lile naweka paa la pili. Karatasi nyembamba ya alumini, nayo nyeupe, imekaa juu ya vijiti vyenye kimo cha sentimita 4 au 5, mbele na nyuma pamebaki wazi. Jua linachoma karatasi ya juu, hewa inapita katikati na kuondoka na joto, paa la chini linabaki kivulini mchana kutwa. Si uvumbuzi wangu: Land Rover za zamani ziliuzwa na paa la pili la namna hii kwa ajili ya nchi za joto. Kama una paneli ya sola, ihesabu kuwa sehemu ya paa hilo, iinue vilevile. Paneli hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na seli iliyofika nyuzi 65 imeshapoteza kati ya asilimia 12 na 16. Hewa ile ile inayokupoza wewe inaipoza nayo.

Chini ya paa la ndani ndipo povu linapopata kazi yake halali, sentimita 2.5 tu, darini peke yake. Na ile karatasi ya fedha inayouzwa kwa mita ikisifiwa kwamba inazuia joto? Inafanya kazi pale tu upande wake unaong'aa unapotazama nafasi ya hewa. Ukiibana kati ya mbao mbili umenunua pambo.

Jambo moja dogo ambalo limenirudisha kazini mara nyingi kuliko yote: karatasi ya alumini ya mita 2.4 ikitoka nyuzi 20 alfajiri ikafika 70 mchana, inarefuka karibu milimita 3. Chuma hurefuka kama nusu ya hapo. Kila siku, kwenda na kurudi. Skrubu zilizobana tundu sawasawa zitapanua tundu zenyewe, na mvua itakuonyesha wapi. Toboa tundu pana kidogo, weka washa ya mpira, na kiungo kizibe kwa gundi inayovutika. Silikoni ya bafuni usiipeleke juu ya paa unalotaka kulipaka rangi. Rangi haishiki juu yake hata uibembeleze.

Kuta, kwa upande wangu, ni milango. Kila ubavu mrefu naukata kipande cha mita 1.8 kwa sentimita 60, nakifunga bawaba upande wa juu, kiinuke nje kama kofia ya dirisha. Shoki za gesi kama zile zinazoinua mlango wa nyuma wa gari hukishikilia. Kikiwa wazi kinatupa kivuli ukutani, na mvua ya ghafla haikulazimishi kukifunga, jambo ambalo madirisha ya kusukuma pembeni hayawezi. Nyuma yake wavu wa mbu. Wavu unakula upepo, tena si kidogo: wa kawaida huweza kupunguza theluthi au zaidi, na ule wa matundu madogo ya kuzuia usubi hupunguza zaidi ya huo. Ndiyo maana tundu la ukutani naliacha kubwa kuliko mtu anavyodhani anahitaji. Kitasa kiwe cha kufungia ndani, na trela liwe na njia mbili za kutokea, hata kama ya pili ni kujitupa dirishani.

Mteja mmoja alinirudishia trela akisema paa halifanyi kazi. Nikaenda kuliona saa kumi alasiri. Paa lilikuwa baridi kabisa. Alikuwa ameegesha ubavu mrefu ukitazama magharibi, na jua la jioni linakuja limelala, linapiga ukuta moja kwa moja. Tukaligeuza kichwa kielekee magharibi, tukashusha turubai upande ule. Kazi ya dakika kumi, wala sikumtoza kitu, ila nilimtania sana.

Feni zina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kubadilisha hewa. Ili wati 150 za watu wawili zisipandishe joto la ndani zaidi ya nyuzi moja, unahitaji kupitisha karibu mita za ujazo 450 za hewa kwa saa. Feni ya kompyuta ya sentimita 12 husukuma 80 hadi 100 ikiwa haina kizuizi, kwa umeme wa wati 2 au 3 tu. Kwa hiyo nne au tano zikitoa hewa juu, au feni moja ya paa ya sentimita 35 kwa mwendo wa chini, zinatosha. Kuna usiku wenye upepo ambapo milango ya ubavuni inafanya kazi yote na feni zinalala. Hewa inayotoka lazima iwe na pa kuingilia: tundu la chini, upande wenye kivuli. Nimeona matrela yenye feni ya gharama inayovuma darini huku kila kitu kimefungwa. Inajizungusha tu.

Kazi ya pili ni kupuliza ngozi, na hapo ndipo penye faida kuliko mahali pengine popote kwa umeme huo mdogo. Hewa inayotembea mita moja kwa sekunde juu ya mwili inakufanya uhisi kama joto limeshuka nyuzi 3 hivi. Feni ndogo miguuni, ikipuliza kuelekea kichwani. Hiyo tu.

Je, maji? Lita moja ya maji ikikauka inameza joto la karibu uniti 0.67 za umeme (uniti moja ni wati-saa 1000), ndiyo maana kitambaa kibichi mbele ya feni ni miujiza kwenye nchi kavu. Kwenye unyevu wa pwani usijaribu, utaota kuvu.

Kitandani, godoro nene ndilo adui. Povu laini linakukumbatia, na ule upande wa mwili uliozama jasho lake halikauki wala joto lake halitoki. Natumia godoro jembamba, gumu, juu ya chaga zilizoachana sentimita 3, na chini ya chaga nafasi ya sentimita 10 yenye matundu ya wavu pembeni. Shuka la pamba. Sakafu yenyewe naiacha plaiwudi tupu ya milimita 9 (karatasi nzima ni kama kilo 14 au 15), kwa kuwa trela linajitilia kivuli chini yake lenyewe.

Swali linalokuja kila wiki ni la kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo kabisa cha dirishani, cha BTU 5000, kinahamisha joto la karibu kilowati 1.5 na kinakula wati 450 hadi 500 kikiwa kinanguruma. Hata kikifanya kazi nusu ya muda tu kwa saa nane, ni karibu uniti 2. Betri ya lithiamu ya 12.8 V na Ah 100 ina uniti 1.28 ikiwa imejaa. Halafu kiyoyozi kinataka sanduku lililofungwa, lenye povu kila upande, yaani lile lile nililolikimbia. Anayelala siku zote penye umeme wa kuchomeka anaweza kuchagua njia hiyo, na mimi nitamjengea. Ila achague mapema, kabla sijakata mbavu. Trela la katikati, nusu sanduku nusu mwavuli, halimfai mtu.

Bila kiyoyozi umeme unakuwa jambo dogo. Mlaji mkubwa ni friji ya kompresa: ya lita 40 kwenye joto hutumia wati-saa 400 hadi 600 kwa siku. Paneli ya wati 200 na betri ile ile moja zinabeba friji, feni na taa. Friji iwe nyuma, kwenye kabati la jiko linalofunguka nje, kwa sababu kila umeme inaoumeza inautoa tena kama joto, na wewe hulitaki kitandani. Betri iwe chini, kivulini, fyuzi karibu kabisa na nguzo ya chanya. Jiko lenyewe linabaki nje daima, na jenereta mbali zaidi: gesi ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi haina harufu wala haiamshi mtu.

Kuhusu uzito nitasema kidogo, ingawa ndiko ajali ziliko. Kichwa cha mkono wa trela kikalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela la kilo 400 ni kilo 40 hadi 60, unazipima kwa mizani ya bafuni. Friji, maji na jiko vyote nyuma vitainua kichwa hicho, na barabarani trela litaanza kuyumba mkia. Ndiyo maana betri na tangi la maji naviweka mbele ya ekseli. Springi nazo zilitengenezwa kwa ajili ya matofali. Kwa mzigo mwepesi trela linarukaruka mpaka skrubu zinalegea. Kutoa jani moja la springi mara nyingi kunatosha, mradi fundi ajue uzito wa mwisho.

Kabla ya kupaka rangi ya ndani wala kununua godoro, liache trela juani siku nzima na vipimajoto viwili, kimoja ndani, kingine nje kivulini. Saa tisa alasiri weka kiganja darini. Kikikaa bila kukimbilia kutoka, paa limefaulu. Saa moja baada ya jua kuzama, linganisha vipimajoto. Kama cha ndani bado kiko juu sana, chukua grainda uongeze tundu, maana sasa ni rahisi kuliko baadaye.

Lile trela langu la kwanza bado ninalo. Nililikata mbavu zote mbili, nikalipandishia paa la pili, nikabandua povu lile la sentimita 5 kutoka kila ukuta. Sikulitupa. Nililikata vipande nikalizungushia friji, nikiacha wazi sehemu ya kompresa tu, na huko limetulia kabisa.