Insulini haichomi sukari

Hapa Kampala wengi husema insulini "huchoma" sukari mwilini. Sivyo. Ukila matoke na maharage, wanga humeng'enywa kuwa glukosi, yaani ile sukari yenyewe, na kuingia kwenye damu. Kongosho nalo hutoa insulini, ambayo kazi yake kwenye msuli ni kutoa ishara tu. Ndani ya seli za msuli kuna protini zinazobeba glukosi, GLUT4. Zikipata ishara hiyo hupanda hadi kwenye utando wa seli na kuiingiza glukosi, ambayo nyingi huwekwa akiba kama glikojeni.

Na hili natamani kila mwenye kisukari alijue: msuli unaofanya kazi huzipandisha protini hizohizo hata bila insulini. Ndiyo maana kutembea kutoka soko la Nakasero hadi stendi ya teksi baada ya chakula husaidia kushusha sukari, ila dawa usiziache.