Je, wajua kwa nini mkimbiaji huishiwa nguvu kilima cha Mweka, ilhali amebeba mafuta ya kumfikisha Dar?

Shemeji yangu aliingia Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, zile ndefu za kilomita 42. Alipokaribia kilomita ya 30, miguu ikagoma. Hakuteguka, wala pumzi haikumkata. Anasema alijisikia kama gari lililozimika mlimani. Akatembea, akashuka taratibu mpaka Uwanja wa Ushirika, mbio zinapoishia. Jioni, miguu ikiwa kwenye beseni la maji, akashika kitambi chake akaniuliza: "Shemeji, haya mafuta yote ninayotembea nayo, mbona hayakunisaidia?"

Swali lake lina hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia hutumia takriban kilokalori 70 kwa kila kilomita. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hutoa kama kilokalori 7,700. Aliyebeba kilo 10 za mafuta, basi, ana akiba ya zaidi ya kilomita 1,000: atoke Moshi mpaka Dar es Salaam, na karibu afike tena nyumbani.

Ila mwili una ghala la pili, dogo. Sukari inayotokana na ugali, wali au ndizi hufungwa pamoja na kuwekwa kama glaikojeni, gramu 400 hivi kwenye misuli na gramu 100 hivi kwenye ini. Kila gramu ina kilokalori 4, kwa hiyo jumla ni kama 2,000. Gawa kwa 70, unapata kilomita 28 na ushei. Sasa kumbuka njia yenyewe: mbio ndefu zinaanza na tambarare ya barabara ya Dar, zinarudi mjini, halafu ndipo unapopandishwa kuelekea Mweka. Mlima unakukuta ghala likiwa linakwanguliwa.

Kwa nini basi mwili usihamie kwenye mafuta? Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Msuli hauli sukari wala mafuta. Unakula kitu kimoja tu, kemikali iitwayo ATP, na iliyomo ndani yake kwa wakati wowote ni ya sekunde chache. Lazima itengenezwe upya bila kukoma. Unapochomoka kuiwahi hiace inayoondoka, kreatini fosfeti iliyo kwenye misuli huijaza ATP kwa sekunde kama 10. Ukiendelea kwa kasi ileile, sukari huvunjwa harakaharaka bila kungoja oksijeni, nayo huzaa lakteti. Watu wengi bado huilaumu lakteti kwa maumivu ya kesho yake, na inaonewa. Hiyo husafishwa mapema, tena moyo huitumia kama chakula, na ini huigeuza kuwa sukari tena. Maumivu ya kesho hutokana na michubuko midogo ndani ya misuli.

Mbio za saa nzima na zaidi, karibu kazi yote hufanywa na mitokondria, majiko madogo ndani ya seli yanayochoma sukari na mafuta kwa kutumia oksijeni. Vyote viwili huungua kwa pamoja tangu hatua ya kwanza. Tofauti ni kama ya majani makavu ya mgomba na gogo. Majani yanashika mara moja na moto unapanda, lakini yanakwisha. Gogo linakaa usiku kucha, ila huwezi kulilazimisha liwake kwa haraka. Mafuta lazima kwanza yafunguliwe kutoka kwenye hifadhi, yasafirishwe na damu, yaingizwe kwenye misuli, na yanadai oksijeni nyingi kidogo kwa kila kalori. Kwenye kilima cha Mweka oksijeni ndiyo bidhaa adimu. Kadiri unavyokaza mwendo, ndivyo mwili unavyoegemea sukari.

Kwa hiyo nilimjibu: mafuta yako yalikusaidia, shemeji. Ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya safari yako ya kurudi uwanjani kwa mguu. Mwendo wa kutembea yanaumudu. Wa kukimbia hayakuumudu peke yake.

Ghala dogo linaweza kupanuliwa. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe. Walipiga pedeli za baiskeli moja, kila mmoja kwa mguu mmoja, mpaka glaikojeni ya mguu huo ikakauka. Kisha kwa siku 3 wakala vyakula vya wanga. Mguu uliofanya kazi ulikusanya glaikojeni karibu maradufu ya mguu uliopumzika. Ndiyo maana naona sahani ya machalari ya ndizi jioni za kuelekea mbio ni maandalizi ya kweli kabisa. Njiani nako, ndizi mbivu ya wastani ina wanga gramu 25 hivi, sawa na kilomita moja na nusu. Ni ndogo, lakini inaingia kwenye damu, na ubongo hutegemea sana sukari ya damu. Iliyomo kwenye misuli haiwezi kutoka kwenda kuusaidia.

Mazoezi ya muda mrefu hufanya kazi nyingine: huongeza mitokondria, ili mafuta yabebe mzigo mkubwa zaidi kwa kasi ileile na sukari ibaki. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alifika mita za mwisho za marathoni ya dunia akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Akachomoka, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, na dhahabu ikaja Tanzania. Mchomoko wa namna ile hauwezekani kwa mafuta peke yake. Baada ya kilomita 42, miguu yake ilikuwa bado ina sukari.