Ule Mstari wa Buluu Una Mwenyewe

Juzi saa tano usiku simu ikaita. Mhariri mmoja kijana, mchapakazi, jina lake nalihifadhi. "Shikamoo mzee. Ile video ya chombo cha anga nimeimaliza, zimebaki zile fleya za kisayansi tu. Wewe huna pakiti yake? Za buluu."

Fleya za kisayansi. Za buluu. Pakiti.

Ni mara ya nne mwaka huu. Kila anayetaka kazi yake ionekane ya mwaka 2090 anakuja na agizo hilohilo, fleya, ule mstari wa mwanga wa buluu unaokata picha upande hadi upande, uwe tayari kubandikwa kwa kompyuta, na anauagiza kama pilipili kwenye chipsi mayai: weka, lakini isizidi. Nikamwambia anitumie kipande nione. Msanii amesimama, nyuma yake taa moja kali, mstari umepita juu ya taa. Sawa. Kisha msanii anasogea hatua mbili na kichwa chake kinaiziba taa kabisa. Mstari bado upo! Taa haionekani, mstari umetulia kwenye paji la uso wa msanii kama kamba ya kuanikia nguo. Kijana hakuona tatizo. Mteja wake naye hakuona. Mimi usingizi ukaniruka.

Nimalize haraka yale ya darasani. Lenzi ina vioo vingi ndani yake. Mwanga mkali ukiingia, mwingi unapita kwenda kwenye sensa, kile kibati kinachopokea picha ndani ya kamera, kidogo kinadunda kati ya kioo na kioo na kutua pasipotakiwa. Hicho kilichotua ovyo ndiyo fleya. Ni kosa la lenzi, na viwanda vimehangaika miaka na miaka kupaka vioo utando wa kulizuia. Mstari mrefu wa kulala ni wa lenzi za anamofiki, zilizoenea Hollywood baada ya CinemaScope mwaka 1953. Zina kioo chenye umbo la silinda kinachobana picha ubavuni ili mandhari pana ienee kwenye filamu nyembamba, kisha projekta inainyoosha. Silinda inatandaza mwanga upande mmoja tu, kwa hiyo mstari unalala. Na ule ubuluu mara nyingi unatokana na utando uliopakwa kwenye kioo. Zipo lenzi zinazotoa mstari wa dhahabu, zipo za mstari unaokaribia weupe. Buluu ya sayansi, basi, ni rangi ya dawa ya kiwandani. Haina undugu na sayari yoyote.

Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Mstari ule haupo mbele ya kamera, kwenye chumba alichosimama msanii. Upo ndani ya kioo. Mtazamaji akiuona, hata kama hajawahi kushika kamera maishani, kuna sehemu ya kichwa chake inayosema: hapa palikuwa na kioo, na nyuma ya kioo palikuwa na mtu. Video ya harusi haihitaji ushahidi huo. Bibi harusi yupo, mashangazi wapo, pilau lipo. Lakini kwenye hadithi ya anga chombo kimebuniwa, sayari imebuniwa, hata kiza kimebuniwa. Cha kweli unachoweza kukiingiza mle ni tabia za kamera, pamoja na makosa yake. Fleya ni shahidi. Na wewe unataka kunipakulia shahidi wa kughushi, asiyejua hata taa ilizibwa saa ngapi.

Tazama walivyofanya kwenye Star Trek ya 2009, ambayo nadhani ndiyo iliyowaambukiza wengi ugonjwa huu. Mwongozaji J.J. Abrams na mpiga picha Dan Mindel walitumia lenzi za anamofiki, na fleya nyingi zilitengenezwa palepale kwenye seti: mtu anasimama nje ya fremu na tochi kali, anaimulika lenzi wakati mwigizaji anasema maneno yake. Ni kazi ya mkono. Mkono unatetema kidogo, unachelewa, unawahi, na mstari unafuata. Ndiyo maana fleya zile zinapumua. Zilikuwa nyingi mno, hilo nalikubali, na Abrams mwenyewe mwaka 2013 alikiri hadharani kwamba alizidisha. Kwenye tamthilia ya Firefly ya 2002, mpiga picha David Boyd alirudisha lenzi za kisasa kwa sababu zilizuia fleya, akachukua za bei ya chini zaidi. Rudia kusoma sentensi hiyo. Mtu kapewa lenzi bora, kazirudisha, kaomba zenye kasoro. Ukimweleza hivyo mteja wangu wa hapa mjini atasema nimekula hela ya bajeti.

Ikiwa lazima uiweke kwa kompyuta, na kuna siku lazima, basi mstari una mwenyewe, na mwenyewe ni taa. Taa ikizibwa, mstari ufe palepale, kwenye fremu ileile, yaani ile picha moja kati ya picha nyingi zinazounda video, usisubiri fremu mbili. Ikizibwa nusu, upungue. Kamera ikiinama, taa inapanda kwenye picha, mstari upande nayo. Vile viduara vya rangi vinavyofuatana kama shanga navyo vinaendea kinyume: ukipeleka kamera kulia, taa inakimbilia kushoto, viduara vinakimbilia kulia, kwa sababu vimejipanga kwenye mstari unaopita katikati ya picha. Wahariri wengi wanavibandika vikae pamoja na taa kama vifaranga na mama yao. Mtazamaji hatajua kosa ni nini. Ataona tu kwamba chombo ni karatasi.

Zumu, ile ya lenzi kuvuta picha karibu, nayo ni hivyohivyo. Tamthilia ya anga ya Battlestar Galactica mpya, iliyoanza na sehemu zake za mwanzo mwaka 2003, ilikuwa na picha za anga zilizotengenezwa ndani ya kompyuta, ambako kamera haina uzito, haina mkono, inaweza kupita kwenye tundu la sindano. Wakaamua kuifanya iwe kama kamera ya mwandishi wa habari. Inatafuta meli. Haioni. Inazumu ghafla, inapitiliza, inarudi, fokasi inachelewa, ndiyo inaipata. Nenda uwanjani siku ya mechi usimame karibu na kamerameni. Beki akiubutua mpira bila kutarajiwa, kamera inachelewa. Lazima ichelewe. Kamera iliyofika kabla ya mpira ilikuwa na skripti, na mtazamaji anaijua kamera yenye skripti hata akiwa amesinzia.

Kabla ya kompyuta kuweza hayo, mambo yalikuwa kinyume. Kwenye Star Wars ya 1977 timu ya John Dykstra ilikisimamisha kimfano cha chombo juu ya nguzo mbele ya kitambaa cha buluu, halafu kamera ndiyo iliyoruka. Ilipita kwenye reli, mitambo ikikumbuka mwendo wake ili safari ileile irudiwe mara kadhaa, kila kitu kipigwe kivyake na vyote viungane baadaye. Unapoona chombo kinakuja kukumeza, ujue kilikuwa kimesimama tuli kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, na kamera ndiyo inayomkimbilia.

Hapa nieleze shaka yangu, kwa kuwa nimeifundisha hoja hii ya shahidi kwa miaka na siku hizi sina uhakika nayo kama zamani. Huyo mwandishi wa habari wa Battlestar, angani, nje ya chombo, bila hewa, ni nani? Nani amemvalisha? Kimantiki shahidi wangu ameshakufa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo mbele ya darasa na nikajikohoza. Shaka ya pili ni filamu ya Children of Men ya 2006, iliyopigwa na Emmanuel Lubezki. Kuna picha moja ndefu ya vita ambamo matone ya damu yanarukia kioo cha lenzi. Mwongozaji Alfonso Cuarón alipaza sauti wakate, mlipuko ukameza sauti yake, wakaendelea, na damu ikabaki kwenye filamu. Mimi huutumia mfano huo kila mwaka. Ninachokipitia juujuu ni kwamba baadaye katika picha hiyohiyo damu inatoweka, imefutwa kwa kompyuta. Shahidi ameoshwa uso katikati ya ushahidi, na mimi nilipoiona mara ya kwanza sikugundua. Kwa hiyo nikisema mtazamaji hadanganyiki, nijumuishe na mimi.

Na kuna hili la watoto. Mpwa wangu ana miaka kumi na minne, amekulia kwenye simu. Nilipomwonyesha fleya ya kweli kabisa, ya kioo cha kweli, aliniambia, "Anko, hiyo filta ni nzuri." Kwake mstari ule hauna habari ya kioo wala mtu. Labda maana inahama mikononi mwetu, na ninachopigania kitakuwa cha wazee wachache. Inawezekana. Lakini hata mpwa wangu alipoona kile kipande cha kamba ya nguo kwenye paji la uso alicheka.

Usinielewe kwamba kila hadithi ya anga itikisike. 2001: A Space Odyssey ya 1968, mpiga picha Geoffrey Unsworth, imetulia kama bahari isiyo na upepo. Walijenga gurudumu zima la kuzunguka, kipenyo chake karibu mita 12, ili mwigizaji akimbie mle ndani na kamera imtazame bila papara. Utulivu ule nao unasema neno: hakuna mtu huku, na anayetazama hana haraka na wewe. Interstellar ya 2014 ikapata njia ya tatu ambayo naipenda kuliko zote. Picha nyingi za chombo zimepigwa kana kwamba kamera imefungwa kwa bolti kwenye ubavu wa chombo chenyewe, na chombo hakisogei kwenye fremu, kinachozunguka ni dunia nyuma yake. Ndivyo picha za NASA tulizozizoea zilivyo. Huko juu hakuna bega la kamerameni, kuna bolti. Pengine hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mwanafunzi.

Kamera gani ununue? Swali hili nalijibu nikiwa nimesimama. The Creator ya 2023 ilipigwa kwa Sony FX3, kamera ambayo mpiga harusi anaimiliki, ila mbele yake waliweka lenzi ya anamofiki. Dune ya 2021 ilipigwa kidijitali, kisha Greig Fraser na wenzake wakaihamishia kwenye filamu halisi na kuirudisha tena kwenye dijitali, ili ule usafi wa kidijitali upungue. Watu wenye fedha zote hizo wanalipa kuchafua picha, sisi tunalipa kuisafisha.

Wala usiniambie sayansi ya kubuni ni ya Wazungu wenye hela. Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, 2009, ni dakika 21 tu na ukame wake unaukausha ulimi. Neptune Frost ya 2021 ilipigwa Rwanda na Anisia Uzeyman, ambaye pia aliiongoza pamoja na Saul Williams, na mavazi yake yametengenezwa kwa mabaki ya kompyuta na nyaya. Mle utasikia na Kiswahili.

Kama huna lenzi ya anamofiki, nami kwa miaka mingi sikuwa nayo, nenda soko la samaki la Feri, pale Kivukoni, Dar es Salaam, ununue mshipi wa kuvulia, mwembamba kabisa, wa nailoni. Kata vipande viwili au vitatu, vinyooshe wima mbele ya lenzi, vibane kwa gundi ya karatasi. Wima, si kulala. Mshipi wima unatoa mstari wa kulala. Fungua tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi mwisho, la sivyo mishipi yenyewe itaonekana kama nondo za dirisha. Kisha weka taa ndogo kali ndani ya fremu. Ukitaka miale ionekane hewani kama kwenye Blade Runner ya 1982, ambako Jordan Cronenweth alijaza seti moshi, na mashine ya moshi huna, choma ubani kwenye chetezo na ufunge milango. Fungua tena baada ya kila picha. Mwenye nyumba wetu aliwahi kuja kuuliza ni nani mle ndani amepagawa.

Nilimfundisha kijana hayo yote kwa simu hadi saa sita na nusu. Kesho yake wakapiga upya kile kipande kwa mshipi. Mstari ukatokea, msanii akapita mbele ya taa, mstari ukafa, akatoka, ukazaliwa. Karibu nipige vigelegele. Mteja akatazama mara mbili, akasema ni nzuri, ila mbona mstari ni mweupe?

Mshipi unatoa rangi ya taa. Tukafunika taa kwa plastiki ya buluu, tukarudia.

"Umeona sasa," mteja akaniambia. "Nilisema tangu mwanzo, ya buluu."