Parsons Hakurusha Bomu, na Wala Hakuwa Mtawa

Kila Mei Mosi ikikaribia, kuna mtu hunitumia posti ileile: Albert Parsons, anakisti (mpinga serikali zote) wa Chicago, Marekani, alirusha bomu kwenye mkutano wa wafanyakazi uwanjani Haymarket, akanyongwa. Mwaka huu imetoka kwa mwalimu wa historia, na picha aliyoweka ni ya Spies, mshtakiwa mwenzake. Uvumilivu umeniishia.

Parsons hakurusha kitu. Usiku wa tarehe 4 Mei 1886 alihutubia, kisha mvua ilipotishia kunyesha akaondoka na mkewe Lucy na watoto wao wawili, wakaingia ukumbi wa Zepf's Hall, hapo hapo jirani. Bomu lilipowalipukia polisi, alikuwa humo ndani. Aliyelirusha hajulikani mpaka leo. Na hapa ndipo ninapochoka: hata upande wa mashtaka haukudai kwamba ni Parsons! Someni kesi. Hoja yao ilikuwa njama, yaani makala na hotuba za washtakiwa ndizo zilizomsukuma mrushaji, awe nani awaye. Jaji Gary akaliambia jopo la raia walioamua kesi kwamba linaweza kuwatia hatiani hata kama mrushaji hajatambuliwa. Washtakiwa wanane, hukumu saba za kifo, kwa bomu lisilo na mwenyewe.

Mnaomshangilia nanyi ngojeni kidogo. Huyo "shahidi wa saa nane" mnayemchora, eti aliyekufa akidai siku ya kazi iwe ya saa nane, simtambui. Gazeti lake, The Alarm, lilisifu baruti waziwazi. Dai la saa nane yeye na wenzake walilibeza mwanzoni: kiraka tu, bwana ni yuleyule. Waliliunga mkono walipoona wafanyakazi wameshasimama. Ujanani, mzaliwa huyu wa Alabama alipigania jeshi la Kusini lililotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Baada ya vita ndipo akageuka, akatetea haki za Weusi huko Texas.

Kinachonisumbua ni zile makala za baruti. Zilikuwa kelele za wanyonge wanaopigwa risasi kwenye migomo, au alimaanisha? Nikimsoma asubuhi naamini hili, jioni naamini lile. Wapo wanahistoria wanaosema kesi haikuwa mbaya kwa viwango vya siku zile. Kuhusu hukumu nawapinga. Kuhusu baruti wana hoja, na wenzangu wa vyama vya wafanyakazi hawapendi nikisema hivyo.

Lakini hili halina ubishi: alikuwa salama mafichoni Wisconsin, na tarehe 21 Juni 1886 akaingia mahakamani kwa miguu yake, akaketi na wenzake. Washtakiwa wenzake Fielden na Schwab waliomba huruma, Gavana Oglesby wa jimbo la Illinois akawaondolea kifo. Parsons hakutaka kuomba; kwake kuomba kulikuwa kukiri. Akanyongwa 11 Novemba 1887 pamoja na Spies, Engel na Fischer. Mwaka 1893 Gavana Altgeld aliwaachia watatu waliobaki gerezani, akaandika bila kumung'unya maneno kwamba jopo lilipangwa na jaji alipendelea. Magazeti yakamrarua, na 1896 akashindwa uchaguzi.