Sampuli katika utafiti wa soko: nani anaulizwa, na amepatikanaje

Mnunuzi wa mahindi hafungui kila gunia. Huchukua bambo, akachoma gunia, akamimina punje kiganjani na kuzitazama. Aliye mzoefu huchoma juu, katikati na chini, tena huchagua mwenyewe magunia ya kuchoma, hasa yale ambayo mwenye mali hakuyatanguliza mbele. Punje za kiganjani ndizo sampuli: sehemu ndogo inayochunguzwa ili mtu aseme jambo kuhusu shehena nzima.

Utafiti wa soko hufanya vivyo hivyo kwa watu. Kampuni ya mafuta ya kupikia inayotaka kujua kaya za Dar es Salaam zinatumia mafuta gani haiwezi kubisha hodi kila mlango. Huwahoji wachache, kisha ikasema kuhusu wote. Kauli hiyo itaaminika au haitaaminika kutokana na namna wale wachache walivyopatikana, kuliko kutokana na wingi wao. Wateja wengi wa tafiti hawalikubali hili kwa urahisi. Swali lao la kwanza huwa “mmehoji watu wangapi?”, ilhali lingepaswa kuwa la pili.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10 ili kujua nani angeshinda urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, nalo likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi: maskini, ambao wengi wao walimuunga mkono Roosevelt, hawakuwemo kwa wingi humo. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, mtafiti wa maoni ya umma aliyekuwa na sampuli ndogo kupindukia ukilinganisha na ile, alimtaja mshindi sawasawa.

Hata hivyo, njia ya Gallup nayo ilikuja kumtupa. Alitumia sampuli ya mgao: mdadisi, yaani mtu anayetumwa kuhoji, anaambiwa ahoji wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, vijana kadhaa, wazee kadhaa, lakini anawachagua mwenyewe. Katika uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 1948 alitabiri kwamba Dewey angemshinda Truman, ikawa kinyume. Mgao ungali unatumika sana katika utafiti wa soko kwa sababu ni wa haraka na nafuu, na kwa kazi ya kuonjesha watu juisi mpya unatosha. Tatizo ni kwamba mdadisi aliyeachiwa achague humfuata anayeonekana mchangamfu, asiye na haraka, aliyeketi kivulini.

Katika sampuli nasibu, uamuzi huo huondolewa mikononi mwa mdadisi. Kila mtu katika kundi linalotafitiwa ana nafasi ya kuchaguliwa, na nafasi hiyo inajulikana. Hapo ndipo hesabu inapopata haki ya kusema kitu. Ukihoji watu 400 waliopatikana kwa unasibu sahili, yaani kama kwa kura inayompa kila mtu nafasi sawa, jibu lako kwa kawaida linaweza kupishana na ukweli hadi takriban asilimia 5 juu au chini; kwa 1,200 ni karibu asilimia 3; kwa 2,400 ni asilimia 2. Ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, inakubidi uhoji watu mara nne zaidi. Ukubwa wa nchi hauongezi kitu cha maana: sampuli ya 2,400 inafanya kazi karibu ileile kwa Tanzania, yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, kama inavyofanya kwa mkoa mmoja.

Ugumu ni kwamba unasibu unahitaji orodha, na hakuna daftari lenye kaya zote za mji ambalo mtafiti anaweza kulifungua. Kwa hiyo kazi huenda kwa hatua. Nchi hugawanywa matabaka, kwa mfano mikoa, mijini na vijijini, ili pasisahaulike popote. Ndani ya kila tabaka huchaguliwa maeneo ya kuhesabia watu, yale yaliyochorwa kwa ajili ya sensa, na eneo lenye watu wengi hupewa nafasi kubwa zaidi. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya umma barani Afrika unaohoji watu 1,200 au 2,400 kulingana na nchi, huhoji watu 8 katika kila eneo. Mdadisi huanzia mahali alipopangiwa, hutembea akihesabu nyumba, na haruhusiwi kuruka nyumba kwa sababu ina mbwa. Ndani ya kaya, majina ya watu wazima huorodheshwa na mmoja akachaguliwa kwa bahati, zamu ya mwanamume na mwanamke zikipokezana.

Sasa twende Mbagala, jijini Dar es Salaam, saa saba mchana. Bahati imemwangukia kijana wa bodaboda, naye hayupo, atarudi usiku. Dada yake yupo na yuko tayari kujibu. Mdadisi akimhoji dada ili afunge dodoso, yaani karatasi yake ya maswali, hakuna kitakachoonekana kwenye hesabu, lakini akifanya hivyo kila nyumba, sampuli yote inageuka kuwa ya watu wanaoshinda nyumbani. Mama lishe, kuli na dereva wanatoweka, na ripoti itasema watu wa mjini hupika nyumbani kila mlo. Inabidi kurudi jioni, na bajeti ya utafiti iwe imeihesabu nauli ya kurudi.

Simu hupunguza gharama hiyo, ila huwaacha nje wasio na simu. Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza ulioanza Tanzania mwaka 2013, ulilitatua hilo vizuri: kaya zilichaguliwa kwa unasibu na kutembelewa kwanza, zikapewa simu na chaja ya jua, ndipo zikawa zinapigiwa. Kiungo cha dodoso kinachosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ni kitu kingine kabisa. Hapo watu hujichagua wenyewe, hata wakifika 10,000.

Swali nalo linaweza kuharibu sampuli nzuri. “Huwa unanunua mafuta ya chupa ya lita ngapi?” linamwacha mtu anayenunua mafuta ya kupima dukani, kila jioni, ya kupikia mboga ya siku hiyo. Ukimuuliza anatumia mafuta ya kampuni gani, atakutajia jina alilolisikia redioni, kwa kuwa mwenye duka humimina kutoka kwenye dumu lisilo na nembo. Ni bora kumuuliza mara ya mwisho alinunua lini, kwa shilingi ngapi, na katika chombo gani, kisha kumwomba, kama hajali, akionyeshe. Dodoso hujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kazi kuanza ili mambo kama haya yajulikane mapema, na msimamizi huzipigia simu baadhi ya kaya baadaye kuhakikisha kwamba mdadisi alifika na kwamba aliyejibu ndiye aliyechaguliwa.