Bibi anapogoa mizabibu vizuri, ila hakumbuki kama amekula

Bibi yetu yuko Hombolo, Dodoma. Anapogoa mizabibu bila kukosea, lakini akila ugali, baada ya saa moja anadai hajala. Anatuigizia?

Hapana, na msimgombeze. Kumbukumbu ya muda mrefu iko ya aina kadhaa. Mlo wa mchana unahifadhiwa na kumbukumbu ya matukio: nini kilitokea, wapi, lini. Hiyo hutegemea hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande. Kupogoa ni kumbukumbu ya ujuzi, ambayo hutegemea zaidi ubongo mdogo ulioko kisogoni na viini vya katikati ya ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo polepole, mara nyingi huanzia maeneo ya hipokampasi, ndiyo maana mlo unasahaulika na mkono bado unajua kazi yake.

Hayo yalijulikanaje?

Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Baada ya hapo matukio mapya hayakumkaa. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuangalia kwenye kioo. Siku baada ya siku makosa yalipungua, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya.

Na tuliyosoma shuleni?

Hiyo ni kumbukumbu ya maarifa. Unajua kuwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa 1973, lakini siku uliyofundishwa huikumbuki. Mwanasaikolojia Endel Tulving ndiye aliyeitenganisha na ile ya matukio, mwaka 1972. Ikianza kuharibika, mtu hukosa majina ya vitu vya kila siku: mwiko unakuwa “kile cha kusongea”. Mara mojamoja hutokea kwa kila mtu, lakini ikizidi, achunguzwe.

Tufanyeje na dawa zake za presha?

Msimuulize “umemeza?” Atajibu kwa uhakika, na uhakika si ushahidi. Tumieni kisanduku chenye vyumba saba, kijazwe na mtu mmoja kila wiki, kisha angalieni chumba cha leo. Dozi ikipita, msimpe mbili kwa pamoja.

Bado anaweza kujifunza zoea jipya kupitia ujuzi: kisanduku mahali palepale, wakati uleule, labda pamoja na chai ya asubuhi. Muelekezeni kila hatua kabla hajakosea. Familia nyingi hukwama hapa, zikimwacha abahatishe kwanza ndipo zimsahihishe. Ubongo wake haukumbuki lile sahihisho, bali kosa alilolitenda ndilo linalogeuka zoea.

Aende hospitali lini?

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe siku hiyohiyo. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi.

Kusahau kunakokuja polepole nako kuna sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, baadhi ya dawa za usingizi na mzio. Pombe nyingi ya miaka mingi hupunguza vitamini B1 na kuharibu kumbukumbu ya matukio. Ikichelewa kutibiwa, huenda isirudi.

Anzeni kituo cha afya. Wakiona haja watawapa rufaa, kwa mfano hospitali ya Mirembe au ya Benjamin Mkapa, zote za Dodoma. Bebeni dawa zake zote, za kienyeji zikiwemo, na mifano ya aliyosahau pamoja na tarehe.