Ameganda hadi lini? Dhana potofu kuhusu muda wa hali mbaya vitani

Mezani, iwe Ntinda au Mbale, ubishi huanza msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, anapouliza: "Huyu bado amepooza?" Hesabu zilizo hapa ni za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la tano, isipokuwa pale tutakapotaja mchezo mwingine.

Dhana: Uchawi ni wa dakika moja, kwa hiyo adui ameshatoka vitani.

Raundi moja, ambamo kila mhusika hucheza zamu moja, ni sekunde 6, hivyo dakika moja ni raundi 10, na hicho ni kikomo cha juu tu. Aliyegandishwa, yaani aliyepoozwa na uchawi, hurusha tena dadu ya pande 20 mwishoni mwa kila zamu yake. Akifaulu, yuko huru papo hapo. Tuseme mchawi anayechezwa na Okello amemgandisha jambazi. Kizingiti, yaani namba ya kufikia, ni 15, na jambazi huongeza 2 kwenye dadu yake. Anahitaji 13 au zaidi, yaani 40% kila anaporusha. Akishanaswa, kwa wastani atapoteza zamu 2.5. Baada ya zamu tatu, uwezekano wa kumkuta bado ameganda ni kama 22%. Baada ya zamu zote 10, hata 1% haufiki.

Kwa hiyo msimwache mkidhani mtamrudia baadaye. Mpigeni sasa hivi, mkiwa ndani ya futi 5: kila shambulio linalompata aliyepooza kutoka umbali huo ni pigo kali, na dadu za madhara hurushwa maradufu.

Angalieni pia neno "mwishoni". Msimulizi akiruhusu jambazi arushe mwanzoni mwa zamu, wastani unashuka hadi zamu 1.5. Mchawi ametumia nguvu zake, na zamu nzima imemponyoka bila mtu kugundua.

Dhana: "Hadi mwisho wa zamu yako ijayo" au "hadi mwanzo wake", yote mamoja.

Kwanza, "yako" hapo ni ya aliyepiga. Aliyepigwa hahusiki. Katika mpangilio wa zamu, ambapo namba kubwa hutangulia, mtawa anayechezwa na Nakato yuko kwenye 18, zimwi kwenye 12. Mtawa akimduwaza, zimwi linapoteza zamu moja kwa maneno yote mawili. Tofauti inaonekana zamu inaporudi kwa Nakato. Kwa kitabu cha kanuni cha 2014, kinachosema "mwisho", zimwi bado limeduwaa, naye anashambulia kwa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kwa kitabu kipya cha 2024, hali inaisha mwanzoni mwa zamu yake, kwa hiyo faida hiyo wanaipata wenzake waliocheza katikati. Kundi likichanganya vitabu viwili bila kukubaliana kabla ya mchezo, ugomvi hauepukiki.

Dhana: Ukimuua mchawi, kila alichofanya kinafutika.

Kinafutika kile tu kinachoshikiliwa kwa umakini wake, yaani uchawi unaokatika umakini huo ukivunjika. Kugandisha mtu kunahitaji umakini. Kupofusha hakuhitaji, hivyo kipofu atabaki kipofu hadi afaulu kurusha au dakika iishe, hata kama mchawi ameshazikwa. Na si lazima kumuua. Kila anapoumia hurusha dadu ili asipoteze umakini, dhidi ya 10, au nusu ya madhara ikiwa hiyo ndiyo kubwa. Mishale mitatu ya madhara 5 ni majaribio matatu. Mwenye nyongeza ya 2 hufaulu 65% kwa kila mmoja, lakini kuivuka yote mitatu ni kama 27% tu.

Dhana: Sumu mbili huumiza mara mbili.

Hapana. Kila sumu ina muda wake, ila ukali wa hali hauongezeki. Uchovu pekee ndio hupanda ngazi.

Dhana: Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, inahesabu vilevile.

Katika toleo lake la pili, hofu ina kiwango cha namba, nacho hupungua kwa 1 mwishoni mwa zamu ya mwenye hofu. Mtishe adui mara tu baada ya zamu yake, ili kundi zima lifaidi. Madhara ya kudumu, kama moto, humuumiza aliyepatwa kwanza mwishoni mwa zamu yake, kisha anarusha dadu bila nyongeza dhidi ya 15: 30% tu ya kuuzima.

Msitegemee kumbukumbu. Andikeni jina la kila mhusika kwenye karatasi yake, kwa mpangilio wa zamu, kisha wekeni mbegu ya mweso juu ya karatasi ya yule ambaye zamu yake ndiyo inayomaliza hali: upande wa juu ikiwa ni mwanzoni, upande wa chini ikiwa ni mwishoni. Karatasi ikifikiwa, mbegu inaondolewa au dadu inarushwa kabla mwingine hajaanza kucheza.